Meno Yangu na Majivu ya Volkano: Sayansi Tuliyoipata kwa Kuuliza, Karatu na Ngorongoro

Wanachuo wenzangu, naomba nianze na meno yangu.

Mimi ni mzaliwa wa Karatu, na nikicheka unaona. Meno ya mbele yana mistari ya kahawia, kama kikombe cha chai ambacho hakijasuguliwa siku nyingi. Nyumbani hakuna anayekushangaa, maana nusu ya darasa letu tulikuwa hivyo. Ila nilipofika Dar mwaka wa kwanza, wiki ya pili tu, mwenzangu wa chumbani aliniwekea dawa mpya ya meno juu ya mto, bila kusema neno. Alikuwa na nia njema kabisa. Tangu siku ile nikajifunza kucheka huku nimefunga mdomo.

Cha kuchekesha ni kwamba mimi nasoma sayansi. Elementi ya flori naijua: namba 9 kwenye jedwali, ina njaa ya elektroni kuliko wenzake wote. Nimeijibia mtihani nikapata alama nzuri. Lakini sikuwahi kuihusisha na mdomo wangu mwenyewe. Nilipokuwa sekondari niliwahi kunyoosha mkono nikauliza, "Mwalimu, mbona meno yetu sisi ni ya kahawia na ya kwako ni meupe?" Darasa zima likaangua kicheko, na mwalimu akasema swali hilo halimo kwenye silabasi. Nikakaa chini, na sikuuliza tena kwa miaka mingi.

Likizo ndefu iliyopita tulifunga safari watu sita, wa kozi tofauti, kwenda kwetu Karatu na kupanda hadi Ngorongoro. Tulikubaliana sharti moja: hakuna desa. Kila mtu aje na swali moja analotaka kulijua kwa dhati, kisha amtafute mtu anayelifahamu jambo hilo, amuulize ana kwa ana, kwa Kiswahili, mpaka aelewe. Makala hii ni ya yale tuliyoyapata, na pia ni somo dogo la namna ya kumuuliza mtaalamu.

KWANZA, TUMKUMBUKE MPEMBA

Kabla hujasema kwamba maswali ya namna hiyo ni ya kitoto, mkumbuke Erasto Mpemba. Mwaka 1963, akiwa kidato cha tatu katika shule ya Magamba, Lushoto, alikuwa akitengeneza aiskrimu na wenzake. Siku moja aliwahi nafasi kwenye friji kwa kuweka maziwa yake yakiwa bado moto, na yakaganda kabla ya maziwa ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Alipouliza sababu, aliambiwa amechanganyikiwa, na darasani likawa jambo la kumtania.

Baadaye akiwa Mkwawa, Iringa, alikuja Dkt. Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka chuo kikuu cha Dar es Salaam, kuzungumza na wanafunzi. Mpemba akasimama na swali lake lile lile: maji ya nyuzi 35 na ya nyuzi 100, kiasi kimoja, yakiwekwa kwenye jokofu kwa pamoja, kwa nini yaliyokuwa ya nyuzi 100 yanatangulia kuganda? Wenzake wakacheka. Osborne hakucheka. Alirudi Dar es Salaam akaagiza jaribio lifanyike, na mwaka 1969 wawili hao wakachapisha makala pamoja. Leo dunia inaliita jambo hilo athari ya Mpemba. Mpaka sasa wanafizikia wanabishana: wapo wanaosema wameiona, wapo waliopima kwa uangalifu wasiione.

Ninachotaka ukione hapa ni kwamba Osborne hakuwa na jibu. Alichokuwa nacho ni heshima kwa swali, na njia ya kulipima.

SWALI LANGU: MAJI NA MENO

Mtu wangu nilimpata kwenye maabara ya maji. Ni mama wa makamo, fundi sanifu, amepima visima kwa miaka mingi. Niliingia nikiwa nimejiandaa kusema maneno makubwa. Nikaishia kusema, "Shikamoo mama. Nimekuja kuuliza habari za meno yangu."

"Marahaba mwanangu. Hebu cheka nione."

Nikacheka. Aliangalia kama fundi anavyoangalia injini, akavuta kiti. Nilidhani atanipa mhadhara, kumbe yeye ndiye akaanza kuniuliza.

"Mama yako mzaliwa wa hapa?"

"Hapana, ni Msambaa wa Lushoto. Alikuja Karatu akiwa ameshaolewa."

"Meno yake yakoje?"

"Meupe."

"Na amekunywa maji ya hapa miaka mingapi?"

"Inapita 25."

"Basi maji ni yale yale, nyumba ile ile, sufuria ile ile. Yeye meno meupe, wewe kahawia. Tofauti yenu ni nini?"

Nilinyamaza. Nilitaja mswaki, akatikisa kichwa. Nilitaja damu ya ukoo, akaniuliza kama dada yangu aliyelelewa Lushoto kwa bibi ana meno kama yangu. Hana. Hapo ndipo kitu kikafunguka kichwani: tofauti ni umri tuliokuwa nao tulipoanza kuyanywa.

"Sasa umeshajibu nusu," akasema.

Nusu iliyobaki ni hii. Miamba ya nyanda hizi za juu imetokana na volkano, na ndani yake mna floraidi. Maji ya mvua yanapozama ardhini na kupita taratibu kwenye miamba, yanaiyeyusha kidogo kidogo. Ndiyo maana kisima kirefu kinaweza kuwa na maji maangavu, baridi, matamu, na bado kikawa na floraidi nyingi. Visima viwili vya jirani vinaweza kutofautiana sana, kwa hiyo huwezi kujua kwa kuonja wala kwa kuangalia, lazima upime. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita.

Floraidi kidogo inasaidia meno. Ndiyo maana imo kwenye dawa ya mswaki. Ikizidi wakati jino la mtoto bado linajengwa ndani ya fizi, inavuruga ujenzi. Enameli, ile ngozi ngumu ya nje ya jino, inatoka ikiwa na vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho. Jino linapoota, vitundu hivyo vinanyonya rangi za chai na vyakula, na kahawia inakaa kwa ndani. Mswaki hauifikii. Mama yangu alipohamia Karatu meno yake yalishamaliza kujengwa zamani, kwa hiyo floraidi ilikuta mlango umefungwa.

Nilikaa kimya kidogo. Miaka yote ile nilikuwa nasugua meno mpaka fizi zinatoka damu.

"Wala siyo meno tu," akaongeza. "Ikizidi sana kwa miaka mingi inaingia kwenye mifupa. Mtu anakakamaa mgongo, watoto wengine miguu inapinda. Kwa hiyo usiseme ni suala la urembo."

Hapo nikakumbuka jambo. Dada yangu mkubwa ana mtoto mchanga. "Lakini nyumbani tunachemsha maji ya mtoto," nikasema, kwa kujiamini.

"Ukichemsha mchuzi uliozidi chumvi, chumvi inaondoka?"

"Hapana. Unazidi kukolea."

"Ehe."

Kuchemsha kunaua vijidudu, na kwa hilo ni lazima kuendelea. Lakini floraidi si kijidudu. Maji yanaondoka na mvuke, yenyewe inabaki sufuriani. Akaniuliza pia kama tunatia magadi kwenye maharage na makande. Tunatia, nani asiyetia? Magadi ya huku kwetu, akasema, mengi nayo yana floraidi. Yaani tulikuwa tunaiingiza kwa milango miwili.

KWA NINI MFUPA UNASAFISHA MAJI

Ukiniuliza ni sehemu gani ya safari ilinifanya niipende upya kemia, ni hii. Nilimuuliza floraidi inaondolewaje. Akasema mojawapo ya njia zinazotumika mkoani Arusha ni mkaa wa mifupa: mifupa ya ng'ombe inachomwa kwenye tanuru kwa joto la kipimo, inasagwa, kisha maji yanapitishwa humo. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto kimeifanyia kazi njia hii kwa muda mrefu.

"Mbona mifupa?" nikauliza.

"Jino limetengenezwa na nini?"

Kalsiamu na fosfeti. Mfupa je? Kalsiamu na fosfeti. Ni madini yale yale! Fikiria daladala iliyojaa. Ndani ya madini hayo kuna kiti ambacho kwa kawaida amekalia abiria mmoja mdogo, kundi la oksijeni na haidrojeni. Floraidi inalingana naye kwa umbo na inakipenda sana kiti hicho. Ikipita karibu, inamwinua yule abiria na kukaa yenyewe, na kumtoa ni kazi. Chujio la mifupa linaiwahi floraidi kabla haijafika kwa mtoto. Na viti vikishajaa, chujio limekwisha. Lazima ubadilishe mkaa hata kama maji bado yanaonekana maangavu.

Kwa hiyo kile kile kinachoifanya floraidi iingie mwilini mwetu ndicho kinachotumika kuizuia. Nimesoma kemia miaka mingi na hakuna desa lililowahi kuniambia hivyo. Tahadhari moja: usiende kuchoma mifupa uani kwako. Ikichomwa vibaya maji yananuka, na huna kipimo cha kujua kama chujio linafanya kazi.

MTU WA GONGALI

Kama unadhani swali la maji ya kijijini haliwezi kufika mbali, nenda ukaulizie kijiji cha Gongali, hapo hapo Karatu. Ndiko alikokulia Dkt. Askwar Hilonga, mhandisi wa kemikali aliyesomea teknolojia ya nano hadi shahada ya uzamivu huko Korea Kusini, kisha akarudi kufundisha katika Taasisi ya Nelson Mandela, Arusha. Alitengeneza chujio linalounganisha mchanga wa kawaida na chembe ndogo mno za nano, ambalo linaweza kurekebishwa kulingana na uchafu wa maji ya mahali husika. Penye floraidi linalenga floraidi, penye kingine linalenga hicho. Mwaka 2015 alishinda tuzo ya kwanza kabisa ya uvumbuzi wa kihandisi kwa Afrika, inayotolewa na Royal Academy of Engineering ya Uingereza. Kampuni yake aliipa jina la kijiji: Gongali Model.

Angalia neno lile, kurekebishwa kulingana na mahali. Huwezi kulifikia kama hujawahi kuuliza watu wa kila mahali wanakunywa nini.

NYAYO ZA LAETOLI: TUMEJUAJE?

Kutoka Karatu tulipita geti la Lodoare, tukazunguka ukingo wa kreta, tukateremka kuelekea Oldupai. Jina hilo linatokana na mkonge pori unaoota humo bondeni. Wamaasai wanauita oldupai, na wageni wa kwanza walisikia vibaya wakaandika Olduvai. Kosa moja la kutosikiliza vizuri limekaa kwenye vitabu zaidi ya miaka 100.

Swali la mwenzetu wa sheria lilikuwa la kimahakama: "Wanasema nyayo za Laetoli zina miaka milioni 3.66. Ushahidi uko wapi?"

Mwelekezaji wa makumbusho alilifurahia. Alianza na bahati. Mwaka 1976, watafiti waliokuwa kwenye kambi ya Mary Leakey huko Laetoli walikuwa wakitaniana kwa kurushiana mavi makavu ya tembo. Mmoja wao, Andrew Hill, katika kukwepa alianguka, na alipokuwa chini akaona alama za nyayo za wanyama kwenye mwamba. Miaka 2 baadaye zikapatikana nyayo za viumbe waliotembea kwa miguu miwili. Volkano ilimwaga majivu, mvua ikayalowesha, viumbe wakapita, majivu yakagandamana na kufunikwa na tabaka lingine.

"Sawa," akasema wakili wetu, "lakini miaka mmehesabuje?"

"Umeshapika ubwabwa?" mwelekezaji akauliza. "Sufuria ikiwa wazi na inachemka, mvuke unatoka wote. Ukifunika, unaanza kujikusanya chini ya mfuniko. Majivu ya volkano yana chembe zenye potasiamu. Sehemu ndogo ya potasiamu hiyo hugeuka polepole sana kuwa gesi ya agoni, kwa mwendo ambao umepimwa maabara. Mwamba ukiwa umeyeyuka ndani ya volkano, sufuria iko wazi, agoni inatoroka. Ukipoa na kuganda, mfuniko umefungwa, agoni inaanza kujikusanya. Pima agoni iliyomo, pima potasiamu iliyobaki, utajua mfuniko ulifungwa lini."

Kisha akatutoa nje, akamwaga maji kwenye sakafu na kutuambia tuvue viatu tutembee. "Angalieni kisigino. Angalieni kidole gumba kimeelekea wapi." Kisigino kinatangulia kukanyaga, gumba liko sambamba na vidole vingine. Nyani na sokwe gumba la mguu linatoka pembeni, la kushikia matawi. Nyayo za Laetoli zina gumba linalofuata safari kama letu. Ushahidi tulikuwa tumeukanyaga wenyewe.

Tukajipima. Kwa binadamu wa leo, urefu wa unyayo ni takriban asilimia 15 ya kimo chake. Mwaka 2016, jopo lililowahusisha Fidelis Masao na Elgidius Ichumbaki wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam lilitangaza nyayo nyingine Laetoli, zilizopatikana walipokuwa wakichimba kukagua mahali palipopendekezwa kujengwa makumbusho. Za mmoja wao zina urefu wa sentimita 26 hivi. Kwa hesabu yetu ya asilimia 15 tulipata kimo cha zaidi ya sentimita 170. Watafiti wao walikadiria takriban 165. Nani amekosea? Hakuna. Kanuni yetu ni ya miili yetu. Viumbe wale hawakuwa na uwiano wa mwili kama wetu, kwa hiyo watafiti walitumia uwiano unaowafaa wao. Mwenzetu wa sheria akasema hilo peke yake lilitosha nauli yake: kanuni sahihi ukiipeleka mahali pasipo pake inatoa jibu la uongo.

MZEE MFUGAJI NA NYUMBU

Mtaalamu wa mwisho hakuwa na maabara. Ni mzee wa Kimaasai tuliyemkuta upande wa Endulen, na aliyemtafuta ni mwenzetu anayesomea tiba ya mifugo. Alimwamkia, akasubiri mzee amalize kuuliza habari za nyumbani kwetu mmoja mmoja, ndipo akauliza: kwa nini wakati nyumbu wanazaa, mwanzoni mwa mwaka, wafugaji wanayaacha malisho mazuri ya tambarare na kupanda na ng'ombe kwenye majani mabaya ya milimani?

"Nyumbu akizaa, ng'ombe wangu anakufa," mzee akajibu. "Macho yanatoa uchafu, pua inaziba, siku chache amekwenda. Baba yangu alikuwa anahama, na baba yake."

"Inatoka wapi, mzee?"

"Kwenye kondo la nyuma la nyumbu. Linabaki kwenye majani."

Kijana wetu akatulia. Darasani alikuwa amesoma ugonjwa huo. Unasababishwa na kirusi. Mwaka 1960 Walter Plowright na wenzake, wakifanya kazi Kenya, walionyesha kwamba kirusi hicho kinatoka kwa nyumbu. Nyumbu hakimuumizi. Kinaenezwa zaidi na ndama wake wa miezi ya mwanzo, kwa majimaji ya pua na macho, na ng'ombe anayeugua ni nadra kupona.

Angeweza kumsahihisha mzee kwa kiburi, au kunyamaza kwa woga. Alisema, "Mzee, sisi tumefundishwa kwamba inatoka zaidi kwenye pua na macho ya ndama mdogo."

Mzee alifikiri. Akauliza swali ambalo kwa maoni yangu ndilo lilikuwa bora kuliko yetu yote: "Kwa hiyo ndama akikua, inaisha?"

Ndiyo. Ndama wakishapita miezi mitatu hivi, hatari inapungua sana. Mzee akatikisa kichwa taratibu, akasema hilo linaeleza kwa nini wazee wanarudi tambarare pale manyoya ya ndama yanapobadilika rangi. Walikuwa na kalenda sahihi na maelezo yenye kasoro kidogo. Vitabu vyetu vilikuwa na maelezo sahihi, ila hakuna aliyetuambia kwamba kalenda ilikuwapo kabla.

Mimi nikabaki na swali langu dogo: kwa nini nyumbu wakazalie pale pale? Kwa sababu ya majani mafupi ya tambarare zile, ambazo udongo wake umetokana na majivu ya volkano, zikiwemo Kerimasi na Ol Doinyo Lengai. Majani yake yana kalsiamu na fosforasi ambazo mama anayenyonyesha anazihitaji. Kumbe ni ukoo ule ule wa volkano! Majivu yake yametunza nyayo, yanamnenepesha ndama wa nyumbu, na miamba yake imenipaka meno kahawia. Mwaka 2018 UNESCO iliitambua Ngorongoro-Lengai kuwa jiopaki ya dunia, na eneo lake linagusa Karatu, Ngorongoro na Monduli. Nilikulia ndani ya darasa hilo bila kujua limeanza.

NAMNA YA KUMUULIZA MTAALAMU

Haya ndiyo tuliyojifunza, na unaweza kuyajaribu hata kwa mhadhiri wako.

1. Anza na kitu ulichokiona. "Naomba unieleze kuhusu floraidi" itakupa mhadhara. "Mbona meno ya mama ni meupe na yangu siyo" itakupa mazungumzo.

2. Uliza kwa Kiswahili, na usione haya kusema hujaelewa. Mtaalamu anayekijua kitu vizuri atatafuta mfano wa sufuria au daladala. Akishindwa, msaidie: mwambie wewe unavyodhani, akurekebishe.

3. Usiache kuuliza "tumejuaje?" Hilo ndilo swali linalotofautisha sayansi na tetesi. Ila liulize kwa adabu, kama mtu anayetaka kuona, siyo kama anayetaka kumnasa mtu.

4. Mrudishie ulichoelewa kwa maneno yako kabla hujaaga. Mimi nilipomrudishia yule mama wa maabara, nilisema floraidi "inachafua jino kwa nje". Akanirekebisha palepale. Bila hivyo ningekuandikia uongo hapa.

5. Mpe nafasi naye akuulize. Swali la mzee kuhusu ndama lilitufundisha kuliko majibu yetu.

6. Peleka jibu kwa anayelihitaji. Likibaki kwenye daftari, ni desa kama madesa mengine.

Na kwa sisi ambao kesho tutaitwa wataalamu: siku mtoto atakapouliza, darasa likacheka, wewe usicheke.

NYUMBANI

Jioni ya mwisho nilikaa jikoni na dada yangu. Nilimweleza kila kitu, mpaka habari ya kiti cha daladala. Alisikiliza huku mtoto ananyonya. Alipoelewa, la kwanza aliloniuliza ni kama maziwa yake nayo yana floraidi. Hilo nilikuwa nimeshamuuliza mama wa maabara: maziwa ya mama yana floraidi kidogo mno, hata pale maji anayokunywa yanapokuwa nayo nyingi. Dada akavuta pumzi. "Basi huyu bado hajachelewa," akasema.

Tulipanga mambo matatu. Mtoto aendelee na maziwa ya mama pekee mpaka afikishe miezi 6, kama kliniki ilivyoelekeza. Maji ya uji wake baada ya hapo yatoke kwenye mvua ya bati, ambayo karibu haina floraidi, yakingwe safi kwenye simtanki na bado yachemshwe. Na magadi yasiingie kwenye chakula chake. Mama yetu alilalamika kwamba maharage yatachelewa kuiva. Dada akasema na yachelewe.

Sampuli ya maji ya kisima chetu niliipeleka kupimwa. Ilizidi kiwango, ila sikushangaa.

Nimerudi chuoni. Nimemweleza mwenzangu wa chumbani, akanionea aibu kwa ile dawa ya mswaki, tukacheka wote wawili, na mimi mdomo wazi. Siku za Ijumaa jioni tumeanza kukaa kwenye vimbweta, watu saba au nane, tunamwalika mhadhiri au fundi yeyote anayekubali, kila mtu na swali moja. Hakuna mahudhurio, hakuna alama.

Kuhusu mtoto wa dada, jibu hatulijui bado. Meno ya utu uzima ya mbele yanajengwa sasa hivi ndani ya fizi zake, na yataanza kuota akiwa na miaka 6 au 7. Wakati huo mimi nitakuwa nimeshamaliza chuo. Nimemwambia dada anipigie simu siku ya jino la kwanza.

JARIBU MWENYEWE

1. Lowesha unyayo wako, ukanyage sakafu kavu, upime urefu wake. Gawanya kwa 0.15. Je, unapata kimo chako? Wajaribu wenzako kumi, uone nani anatoka nje ya kanuni na kwa kiasi gani.

2. Andika jambo moja la nyumbani kwenu ambalo kila mtu analiona na hakuna anayeuliza sababu yake. Nani hapo kijijini au mtaani kwenu analijua zaidi?

3. Maji mnayokunywa nyumbani yametoka wapi, na mara ya mwisho yalipimwa lini?